Hakuna Kufa Kidogo

Maneno haya niliyasema Iringa mjini, mbele ya mawakili vijana, waandishi wa habari na maafisa wastaafu wa polisi na magereza. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni.

Kamwene! Kamwene tena, wa nyuma hawajaitikia.

Mwenyekiti, waheshimiwa mawakili, wanangu waandishi, na maafande wenzangu ambao hata pensheni haijawafundisha kuegemea kiti: asanteni kwa kunialika. Waliotoka Mbeya na basi la alfajiri, ndaga fijo.

Nimekuja na kitu mkobani. Ni ganda la bomu la machozi, limeshatumika, ndani ni tupu. Si langu, nimeazima. Naomba liende mkono kwa mkono. Kila mtu alishike, alipime uzito kwa kiganja, apitishe kidole kwenye ukingo wake, kisha ampe jirani. Mimi nitaendelea kuongea, ninyi endeleeni kulipokezana.

Nimeombwa nieleze namna ya kuzipima silaha wanazopewa polisi na askari magereza ili wasitumie risasi za moto. Virungu, mabomu ya machozi, risasi za mpira, maji ya kuwasha, bunduki za umeme, pilipili ya kupuliza. Mtaani tunaziita silaha zisizoua. Wataalamu nao waliwahi kuziita hivyo hivyo, mpaka maiti zikawaumbua wakabadilisha jina. Siku hizi wanasema ni silaha zenye uwezekano mdogo wa kuua. Kijana mmoja aliyenipigia simu kuhusu mkutano huu alifupisha akasema "silaha za kuua kidogo", na hapo ndipo nilipokwama. Mimi ni tabibu. Nimevaa sare ya Magereza miaka 31, nimejaza karatasi za vifo kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sijawahi kukutana na mtu aliyekufa kidogo.

Ganda limefika safu ya tatu. Ninyi wa Iringa mnajua ninakoelekea.

Tarehe 2 Septemba 2012, Nyololo, wilaya ya Mufindi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa huu, alikwenda kuripoti CHADEMA wakifungua tawi. Bomu la machozi, kitu kilichobuniwa kurushwa mbali kitue chini kitoe moshi, lilifyatuliwa akiwa amezungukwa na askari, karibu kiasi cha kugusana, likampasua tumbo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15.

Sikuja kufufua kesi iliyokwisha. Nataka tuitazame kwa jicho la mtu anayepima vifaa. Chukua bomu la aina ile ulipeleke maabara. Wapime kemikali yake, wapime moshi, wapime mapafu ya panya. Lingeweza kufaulu vizuri na kupewa cheti. Siku ile ya Nyololo hakuna aliyekufa kwa moshi. Kilichoua ni ganda na umbali, na umbali hauandikwi kwenye cheti cha kemikali.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji, na kama mtasahau mengine yote mbaki na hili, ni: kutoka wapi? Hatua ngapi kati ya mkono ulioshika na mwili uliopigwa?

Kabla sijaenda mbele, niwatendee haki maafande, maana naona wengine wameanza kukunja uso. Silaha hizi zinahitajika. Niliwahi kupita kijiji kimoja cha Kilolo msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mvua zimekolea, watu wameshaonja tangu asubuhi. Jamaa mmoja alikuwa amekasirikia mambo ya shamba, anazunguka na nyengo mkononi, ule mundu wa kufyekea, ameshamkata mbuzi wa jirani na sasa anamtafuta jirani mwenyewe. Askari aliyeitwa alikuwa kijana, peke yake, amekuja na bodaboda. Alikuwa na vitu viwili tu: mdomo na bunduki. Katikati hapakuwa na kitu. Nilimwona anavyoishika ile bunduki, anaiinua kidogo, anaishusha, jasho linamtoka katika baridi ile. Aliyemaliza kazi alikuwa shangazi wa yule mlevi, bibi mfupi mwenye kanga kiunoni, aliyekwenda moja kwa moja akamwambia jina lake la utotoni na kumnyang'anya nyengo. Sawa. Ila huwezi kupanga bajeti ya shangazi. Siku shangazi hayupo, kijana yule atafyatua risasi au atakatwa. Anayesema askari asipewe chochote kati ya mdomo na bunduki hajawahi kusimama pale.

Basi tupime. Tuanze na risasi ya mpira, kwa kuwa ndiyo inayopendwa na wanaosema "ni mpira tu". Waingereza waliianza Ireland ya Kaskazini mwaka 1970. Maelekezo yalikuwa askari alenge chini, risasi idunde ndiyo impige mtu miguuni. Sasa mwulize kijana yeyote anayecheza mpira uwanja wa vumbi kama kitu kinachodunda kwenye mawe hukubaliana na aliyekipiga. Baadaye wakaleta za plastiki, zilizonyooka zaidi. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 aina hizo mbili zilikuwa zimeua watu 17, 8 kati yao watoto. Mwaka 2017 madaktari walikusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali kuhusu watu walioumizwa na risasi za namna hii. Katika majeruhi 1,984 waliowakuta kwenye maandishi, 53 walikufa na 300 walibaki na ulemavu wa kudumu. Wengi wa hao wenye ulemavu ni macho. Hesabu hiyo ni ya waliofika kwenye maandishi ya kitabibu, si ya kila aliyepigwa, mawakili msije mkaitumia vibaya mahakamani.

Lakini shida yenyewe ni ya kimaumbile. Risasi yenye nguvu ya kutosha kumsimamisha mtu akiwa hatua 40, ukimpiga nayo akiwa hatua tano inavunja ubavu au inaingia. Ukiipunguza nguvu ili isivunje kwa karibu, kwa mbali inapotea njia na kumpata aliyekuwa anauza karanga. Mtengenezaji anajua. Ndiyo maana kila risasi ya aina hii inayostahili jina lake huja na umbali wa chini na umbali wa juu wa kuitumia. Ukiletewa shehena isiyo na namba hizo mbili kwa maandishi, irudishe. Na ukiona ni kipande cha chuma kilichovishwa mpira juu, usiirudishe tu, uliza nani aliagiza. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 kuhusu silaha hizi unasema wazi kwamba za namna hiyo zisitumike.

Sasa nije kwetu milimani, na hapa mtanivumilia nikae kidogo, kwa sababu sijasikia mtu akiyasema haya.

Vipimo vingi vya silaha hizi hufanyika kwingine, mahali tofauti na Makete. Chukua bunduki ya umeme, Taser na ndugu zake. Inarusha vishale viwili vyenye nyaya nyembamba, vinachoma, na shoti ya sekunde tano inakaza misuli mtu anaanguka kama gogo. Ili ifanye kazi vishale vyote viwili viufikie mwili, au viukaribie sana, tena vikiwa vimeachana vya kutosha. Nguo nzito iliyolegea ni adui yake. Haya, niambieni, Julai, Makete, au Njombe saa moja asubuhi, mtu amevaa nini? Fulana, sweta, juu yake koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, na juu ya hilo ana blanketi la kimasai. Kishale kitaning'inia kwenye koti kama jani la mbigili. Askari aliyeambiwa kwamba kifaa chake hakikosei amesogea karibu, amekibonyeza, na yule jamaa bado amesimama, sasa amekasirika zaidi. Kinachofuata ni bunduki ya kweli. Mpimaji aliyeko kwenye joto hawezi kuliona hilo. Na kikifanya kazi, mtu aliyekazwa misuli hawezi kunyoosha mikono ajikinge. Anaanguka na kichwa. Nchi yetu hii ni miteremko na mawe.

Au moshi. Watu wengi hudhani bomu la machozi ni gesi. Kemikali inayotumika zaidi, CS, iligunduliwa na Wamarekani wawili mwaka 1928, Corson na Stoughton, na jina lake ni herufi za majina yao. Katika joto la kawaida ni unga, laini kuliko poda ya mtoto. Bomu huupeperusha tu. Pwani kuna upepo wa bahari unaupeleka. Mbeya mjini, bonde lililokaa chini ya Loleza, asubuhi ya Juni, hewa imetulia, moshi wa mkaa wenyewe unakaa juu ya paa mpaka saa tatu. Unga ule utakwenda wapi? Utaingia nyumba ambazo madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, na ukishaingia utakaa kwenye mapazia, magodoro na mablanketi. Waliokuwa Mwanjelwa Novemba 2011, siku za vurumai za machinga, waulizeni kuhusu nyumba zilizokuwa mbali na barabara. Mtoto anayelala kwenye godoro hilo usiku hakurusha jiwe.

Namaliza hali ya hewa. Sasa mlango, jambo ambalo mimi limenikosesha usingizi.

Moshi wa machozi umebuniwa juu ya dhana moja: mtu atakimbia. Ndiyo kazi yake yote, kumfanya mtu aondoke hapo alipo. Mahali ambapo hawezi kuondoka, silaha ile imebadilika kuwa kitu kingine. Accra, tarehe 9 Mei 2001, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko, polisi walipiga mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango, na zaidi ya 120 wakafa kwa kukanyagana na kukosa hewa. Kanjuruhan, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, ikawa hivyo hivyo, watu 135. Miaka 21 katikati, somo lile lile. Nikiwa Uwanja wa Sokoine nikiangalia timu yetu ya Prisons ikifungwa, kwa desturi, huwa nahesabu milango kabla sijakaa. Mke wangu hunicheka.

Uwanja una milango hata kama ni michache. Karandinga lina mmoja, na umefungwa kwa nje. Tarehe 18 Agosti 2013, nje ya gereza la Abu Zaabal nchini Misri, mahabusu 45 walikuwa ndani ya karandinga lililotengenezwa kwa watu 24, wameshinda humo kwa saa nyingi za jua. Bomu moja la machozi liliingizwa ndani. Walikufa 37.

Gereza lenyewe je? Hapa nasema niliyoyaona, na gereza silitaji, waliokuwapo wanalijua.

Ilikuwa Juni, ile baridi ya maji kufanya ngozi ya barafu kwenye ndoo. Wafungwa wa bweni moja waligoma kutoka kwenye hesabu ya asubuhi. Sababu ilikuwa uji, na nyuma ya uji kulikuwa na mambo mengine, kama kawaida. Maneno yakapanda. Askari mmoja kijana, si mtu mbaya, nimekula naye Krismasi, akapitisha bomu kwenye kidirisha. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ulikuwa na sajini, na sajini alikuwa amezunguka upande wa pili kuita wenzake. Nilisimama pale na begi langu la dawa nikisikia. Kwanza makelele. Halafu kikohozi cha watu wengi kwa pamoja, sauti ambayo sina cha kuilinganisha nacho. Halafu ikapungua, na ile kupungua ndiyo iliyonitia hofu.

Sajini alikuja akikimbia. Mikono ilimtetemeka, ufunguo ukagoma mara mbili kuingia. Walipotoka walitoka wengine kwa miguu, wengine wamebebwa. Tuliwalaza kwenye nyasi zenye umande, tukawamwagia maji yale ya barafu machoni, maana hapakuwa na mengine. Mmoja alikuwa na pumu, tena aliandikishwa kwangu, kadi yake ilikuwa kabatini. Wawili walikuwa wanameza dawa za kifua kikuu. Wote waliishi. Yule wa pumu hakuwahi kurudi kubeba kuni. Na usiku wakarudishiwa mablanketi yale yale, hayajafuliwa, wakaanza kukohoa upya.

Kesho yake niliona kitabu cha matukio. Kulikuwa na mstari mmoja: "Hali ilidhibitiwa. Hakuna aliyeumia." Rejista yangu ya zahanati siku hiyo hiyo ilikuwa na majina 19.

Nilipeleka rejista kwa mkubwa wangu wa wakati ule. Akaitazama, akaifunga polepole, akaniuliza kama dawa za malaria zimefika. Nikajibu zimefika. Nikaondoka. Sikusema zaidi, na nilikuwa na cheo cha kutosha kusema. Hilo nalibeba mwenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza silaha fulani imepimwaje, siridhiki akinionyesha karatasi za kiwandani. Upimaji wa kweli unaanza baada ya silaha kununuliwa, nao unafanyika kwenye kitabu cha matukio. Nani alifyatua, saa ngapi, kutoka umbali gani, kwa sababu gani, nani alitibiwa na kwa nini. Kitabu cha polisi na rejista ya tabibu viwekwe meza moja visomwe pamoja. Vikitofautiana, hapo ndipo pa kuanzia. Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinamtaka askari aliyetumia nguvu atoe taarifa mara moja kwa mkuu wa gereza. Na ile misingi ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Havana mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu ilishasema kwamba silaha za aina hii zipimwe kwa uangalifu ili wasiohusika wasidhurike, na matumizi yake yadhibitiwe. Kupima na kudhibiti vimewekwa pamoja. Sisi tumezoea kuvitenganisha: tunapima mara moja, au tunakubali kwamba mwingine ameshapima, halafu basi.

Kuna nchi zimeonyesha kwamba inawezekana kusema hapana hata baada ya kulipa. Mwaka 2014 Boris Johnson, akiwa meya wa London, aliwanunulia polisi magari matatu ya kurushia watu maji kutawanya maandamano, yaliyokwisha kutumika Ujerumani, kwa paundi 218,000, kabla ya kupata kibali. Wataalamu wa tiba wakatoa maoni yao kuhusu majeraha yanayoweza kutokea. Mzee mmoja Mjerumani, Dietrich Wagner, ambaye maji ya gari la namna hiyo yaliharibu macho yake Stuttgart mwaka 2010 hadi karibu kupofuka kabisa, alisafiri mpaka London akawaambia kwa mdomo wake. Mwaka 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, wa chama kile kile cha meya, akakataa kutoa kibali. Magari yakakaa yakiota kutu, na mwaka 2018 yakauzwa kwa paundi 11,025. Walichekwa, na walistahili. Lakini mimi nilichokipenda ni kwamba palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kukataa, na mbele yake palikuwa na madaktari na mtu aliyepofuka, wala si mwenye duka peke yake. Siku tutakapoletewa kifaa kipya, kwenye chumba kile cha kufanya uamuzi atakuwapo tabibu wa gereza? Atakuwapo askari wa kawaida wa Kilolo, yule wa bodaboda? Au atakuwapo mwuzaji na kompyuta yake tu, anaonyesha video ya mtu aliyevaa fulana akianguka kwenye zulia?

Wakili mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja mablanketi, samahani mwanangu, nakuja kwako. Maafande nao watakuwa na lao, najua, hasa kuhusu mafunzo. Nitasema kwa kifupi tu kwamba mafunzo ya kufyatua ni nusu. Nani amewafundisha nini cha kufanya dakika kumi baada ya kufyatua? Aliyepuliziwa pilipili na kufungwa pingu akilazwa kifudifudi kifua kinabanwa. Mgeuzeni ubavu. Hilo halihitaji bajeti wala semina Dodoma.

Ganda liko wapi sasa? Limekwama safu ya nyuma, naona. Basi aliyenalo, kabla hajaleta, atazame upande wa chini, kuna tarehe imepigwa mhuri. Isome kwa sauti, bwana. Ndiyo, hiyo ndiyo tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyie mnaofahamu lilipookotwa na lini, fanyeni hesabu wenyewe. Kisha mnirudishie, mwenyewe anarudi Makambako na basi la saa kumi.